Bei ya dola ya miezi ya nyuma isifutwe



Hivi karibuni nilisindikiza papa mmoja ku biro ya mishahara. Alitumika miaka mingi chini, mu shimo ya shaba. Sasa anaenda pensheni, njo alikuja kuomba hesabu yake ya mwisho. Karani, kijana wa heshima, akafungua ordinateri, akasema: « Papa, hapa inaonyesha mu Januari 2025 tulikulipa franka 920.000. » Papa akatosha buletini ya ule mwezi mu mfuko: 1.120.000. « Basi papa, tulikupatia 200.000 ya zaidi. Itabidi urudishe. »

Mzee akaniangalia. Mimi njo delege wa sendika, nilipaswa kujibu.

Hakuna mtu aliiba. Kosa lilikuwa mu kasanduku kamoja ka tablo ya Excel. Mshahara wetu unahesabiwa kwa dola, tunalipwa kwa franka. Yule papa iko na dola 400. Mu Januari dola moja ilihesabiwa 2.800. Kisha franka ikapata nguvu, karani akafuta 2.800 na kuandika 2.300 pale pale. Na sababu miezi yote inasoma kale kasanduku kamoja, hesabu yote ya nyuma ikageuka mara moja. Makuta yenye ilishalipwa na kuliwa ikabadilika!

Musifikiri hii inaumiza paka wakati dola inashuka. Ikipanda, njo mbaya zaidi. Mwanzo wa 2016 dola ilikuwa karibu 930; mwisho wa 2017 ilifika karibu 1.600. Mu tablo ya namna ile, mtu aliyepokea 372.000 anaonekana kama alipokea 640.000. Kama kampani ilikuwa na deni yake, ile deni inakufia mu ordinateri.

Mama mwenye kuuzisha bunga ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, anatushinda. Mu kaye yake ya madeni anaandika siku, meka ngapi, bei gani. Bei ikipanda, anaanza mustari mpya. Hafuti ule wa jana.

Tunaomba makarani wafanye vile. Ukurasa mmoja uwe wa bei ya dola tu: mwezi, bei, na siku gani ilichukuliwa ku Banque Centrale. Mwezi mpya, mustari mpya chini. Kila mshahara usome bei ya mwezi wake. Mwezi ukishalipwa, hesabu yake ibakie namba kavu, bila formula, ifungwe kwa neno la siri, na kopi moja ya karatasi isainiwe na delege. Hii haiombi makuta. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na sisi wafanyakazi, tusitupe buletini. Sheria ya kazi ya 2002 inaomba mwajiri atupatie karatasi ya hesabu kila anapolipa. Wengine wanaziachia mama wa karanga afungie. Yule papa aliokolewa na karatasi yake, si na maneno yangu. Karani aliiona, akasahihisha Januari, akaomba msamaha. Mzee akarudi kwake bila deni.

Lakini wenzake wenye walishatupa karatasi zao, wataonyesha nini?