Usifute Kioski Kama Tingatinga

Ukiwatajia madevelopa wa Nairobi zana za kuandika upya grafu, wanacheka. Ati hiyo ni nadharia ya watu wa PhD. Mimi nasema wanaocheka ndio wanaotutia hasara.

Grafu hapa ni vitone na mistari inayoviunganisha, basi. Chukua kioski cha maji pale Silanga, kiwe kitone. Mstari mmoja unaenda kwa bomba, mwingine kwa mama wa chapati, mwingine kwa mama fua, mwingine kwa deni la mtu. Kuandika upya ni kutoa sheria: ukikuta umbo hili, weka lile. Utamu uko hapa: ukifuta kitone, mistari yake inaenda wapi?

Mwaka 1973 Ehrig, Pfender na Schneider walitoa jibu kali: kama kuna mstari utakaobaki ukining'inia, sheria haitumiki. Baadaye likaja jibu lingine: futa tu, mistari ipotee nacho. Zana kama Henshin na GROOVE zinakuachia uchague, na kuchagua huko ndiko madevelopa wetu wanakukwepa.

Vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap mwaka 2009, kupitia Map Kibera. Jaribu kufuta kitone ambacho bado kimeshikwa na njia kwenye ramani hiyo: seva inakataa, inakurudishia kosa 412. Tengeneza njia kwanza, ndio urudi.

Tingatinga za Julai 2018 hazikukutana na 412 yoyote. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipita katikati ya Kibera, nyumba na shule zikaanguka, na mistari ya mtoto na darasa lake ikaenda na vumbi.

Sasa fungua databesi zetu. Msee anaandika ON DELETE CASCADE kwa sababu makosa yanamsumbua. Akaunti ya kioski ikifutwa, rekodi za malipo zinaenda nayo, na mama aliyelipa mapema anaambiwa hayuko kwa sistemu. Hiyo si bahati mbaya. Ni tingatinga, imeandikwa na mtu mwenye hedifoni huko Kilimani. Na RESTRICT iko kwa databesi hiyo hiyo, bure kabisa.

Wataniambia hiyo inachelewesha kazi. Ndiyo, inachelewesha. Kuna mtu atalazimika kwanza kumuuliza mama wa chapati atachota maji wapi.