Mama Aliye Peke Yake na Mzigo Wetu

Sisi walimu huwa pamoja na watoto siku tano katika juma, na kanisani huonekana siku moja tu. Twajua yupi amekuja bila kula, na yupi amechelewa kwa sababu alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka jirani alipompokea. Kwa hiyo twaomba ruhusa kusema neno juu ya jambo ambalo Wakristo wengi hupenda kulisikia, lakini hawapendi kulichunguza.

Mama mmoja wa hapa Njoro ana watoto watatu, wala hana mume. Hutoka alfajiri kununua ndizi kwa wanawake washukao kutoka mlimani, akaziuza sokoni Mbuyuni mpaka jioni. Alichoka hata akatamani kulala asiamke tena. Jumapili moja alisimama mbele ya watu akashuhudia kwamba amemrudia Kristo, naye amepata amani. Tuliimba kwa furaha, na wengine walilia. Kisha tukaenda makwetu kula. Yeye akarudi katika chumba chake cha kupanga, ambacho kodi yake ilikuwa haijalipwa.

Hatusemi kwamba amani ile ilikuwa ya uongo. Hasha! Tuliiona kwa macho yetu. Zamani aliwapiga watoto kwa uchungu. Sasa huketi nao jioni, wakasali, akawauliza habari za masomo. Wale wasemao kwamba imani ni dawa ya usingizi kwa maskini, na waje wamwone. Mtu aliyelala haondoki alfajiri kuwahangaikia wanawe. Tunalolipinga ni hili: sisi tumeifanya amani yake kuwa udhuru wetu. Tukimwona twasema, "Mama yule ameshapata amani," kana kwamba amani hulipa kodi.

Kumbukeni habari za Hajiri katika kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu, mtu mwenye mifugo mingi, alimpa mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende zake na mtoto. Maji yalipokwisha jangwani, mama alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaketi mbali asimwone akifa. Mungu aliposikia kilio, hakumpa Hajiri maneno peke yake; alimfumbua macho, akaona kisima. Faraja na maji vilikuja pamoja. Sisi tukaao Njoro, mahali pajulikanapo kwa chemchemi yake, twapaswa kulielewa jambo hili upesi.

Wako wazee wajibuo, "Tukimsaidia, tutawafundisha binti zetu dhambi." Nasi twawauliza: Baba wa watoto wale yuko wapi? Mama alitengwa, kisha akasimama mbele ya usharika ili arudi kundini. Mwanamume hakusimama popote. Pengine Jumapili ile ile aliishiriki meza ya Bwana, tena baba yake amekwisha kumkatia kihamba. Mama, kwa kuwa ni binti, akirudi kwao mlimani hukaa kama mgeni katika migomba ya kaka yake. Ikiwa dhambi ni ya watu wawili, mbona toba ni ya mmoja? Na mtoto, yeye amekosa nini hata alale na njaa?

Tena haifai Kanisa liwe nyuma ya serikali. Tangu Novemba 2021 wasichana waliozaa wameruhusiwa kurudi shuleni nchini Tanzania. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawapa wazazi wajibu wa kumtunza mtoto wao, na mama asiyeolewa aweza kumdai baba matunzo mahakamani. Ni aibu ikiwa mlango wa shule na wa mahakama ni mpana kuliko mlango wetu.

Basi twasema wazi. Wazee wa Kanisa wamwite baba kama wanavyomwita mama. Asipotaka kusikia, wafuatane na mama mpaka kwa afisa wa ustawi wa jamii, asiende peke yake. Kila jumuiya imjue mama wa namna hii aliye kati yao, na watu wapokezane kumtunza mtoto wake mdogo saa za soko. Na wazazi wenye kihamba wamkatie binti yao sehemu, japo ni vishina vichache vya migomba.

Haya si makubwa kupita nguvu zetu. Babu zetu walichimba mifongo kwa kazi ya pamoja, maana walijua kwamba mtu mmoja hawezi kuyaleta maji kutoka mtoni mpaka migombani. Kristo amempa mama yule amani. Maji ni juu yetu kuyafikisha mlangoni pake. Ndugu msomaji, kesho asubuhi atapita mbele ya nyumba yako na mzigo wa ndizi kichwani. Usimwambie neno la amani kabla hujamtua mzigo.