Sheria ya Mkubwa, Chenji ya Mdogo

Mwaka 1987, gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda za video alizokodi Robert Bork, jaji aliyeteuliwa na Rais Reagan kuingia Mahakama ya Juu. Hakukuwa na aibu yoyote kwenye orodha ile. Lakini wabunge wa Marekani walishtuka: kama ya jaji yameanikwa, yao je? Kufikia 1988 sheria ilikuwa tayari. Ukifichua alichokodi mtu bila idhini yake, anaweza kukudai dola 2,500. Umeona spidi hiyo?

Sasa ngoja aanikwe mwananchi. Mwaka 2007 Facebook ilileta Beacon, iliyowatangazia marafiki zako ulichonunua au filamu uliyokodi kwenye tovuti zingine. Watu wakashtaki kwa pamoja, kesi ikamalizwa kwa maelewano ya dola milioni 9.5. Mawakili wakachukua chao, nyingi ya zilizobaki zikaanzisha wakfu wa faragha, na afisa wa Facebook akapewa kiti kwenye bodi. Yaani aliyeiba kuku ndiye anagawa supu.

Netflix nayo ilishtakiwa kwa kuhifadhi rekodi za walichotazama wateja waliokuwa wameshajitoa. Mwaka 2012 ikakubali kutoa dola milioni 9, bila kukiri kosa. Doo mob, si ndio? Gawanya kwa 2,500: zinatosha watu 3,600, na wateja walikuwa mamilioni. Zikaenda kwa mawakili na mashirika ya kutetea faragha. Mteja wa kawaida hakuona hata senti.

Nitaambiwa bila kesi hizi hakuna angeshtaki, kwa sababu mtu mmoja hana nguvu ya kupigana na kampuni. Ni kweli. Ndiyo maana inauma: tunaunganishwa ili tuhesabike, halafu wakati wa kulipwa tunaambiwa tuko wengi mno.

Kwangu hayo si maelewano. Ni bei ya jumla ya siri zetu, na kampuni inaipanga kwenye bajeti kama stima na kodi ya nyumba.

Sisi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia. Siku kesi kubwa kama hizo zikifika kwetu, tusikubali wakfu wala samahani ya jumla. Data ifutwe, kosa likiriwe, na pesa ziingie kwa simu ya mwenyewe.