MANENO YA KOMPYUTA YAFIKE RUARUKE

Katika wale maadui watatu ambao Taifa letu liliwatangazia vita tangu siku ya Uhuru, mmoja amebadili sura. Ujinga wa zamani ulikuwa wa mtu asiyeweza kuisoma barua yake mwenyewe. Ujinga wa leo waweza kumpata hata mtu aliyemaliza shule, asomaye gazeti bila taabu, lakini ambaye simu yake ikimwuliza neno moja tu hulazimika kumpa mwenzake amjibie. Juu ya jambo hilo twapenda kusema leo, na mfano wetu utakuwa Ruaruke.

Ruaruke ni kata ya Wilaya ya Kibiti, katika Mkoa wa Pwani, upande ule wa delta ya Rufiji wenye mikoko, mpunga, minazi na mikorosho. Msomaji wa mjini aweza kudhani kwamba habari za kompyuta ni za maofisi ya Dar es Salaam, na kwamba mkulima wa huko hazimhusu. Hivyo sivyo hata kidogo. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima atakaye mbolea ya ruzuku huandikishwa kwanza katika daftari la kompyuta. Kijana aombaye mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao, na atafutaye kazi ya Serikali vivyo hivyo. Hata laini ya simu haisajiliwi ila kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Ni dhahiri basi kwamba kompyuta imekwisha kufika Ruaruke. Kilichochelewa njiani ni maneno yake.

Na maneno ya kuanzia si mengi. Kompyuta ni mashine ipokeayo habari, ikazihifadhi na kuzifanyia kazi kwa kufuata maagizo, na maagizo hayo ndiyo yaitwayo programu. Simu janja nayo ni kompyuta, ila ni ndogo. Kioo chake huitwa kiwambo, na zile herufi za kubonyeza huitwa kicharazio. Intaneti, au mtandao, ni kompyuta za dunia nzima zilizounganishwa kwa nyaya na mawimbi, mfano wa mikono ya mto Rufiji inavyoviunganisha vijiji vya Mbuchi, Msala na Kiongoroni. Tovuti ni mahali pamoja katika mtandao huo palipo na habari za ofisi au shirika fulani, nayo ina anwani yake kama kijiji kilivyo na jina lake. Chombo cha kukufikisha hapo ni kivinjari, kama vile mashua ya Nyamisati inavyomfikisha msafiri Mafia. Kupakua ni kukiteremsha kitu kutoka mtandaoni kikae katika simu yako, na kupakia ni kukitoa kwako kukipeleka huko. Watu wa pwani waliopakia na kupakua shehena tangu enzi za majahazi hawahitaji kuelezwa maneno hayo mara mbili. Data, inayouzwa madukani kwa jina la bando, ni kipimo cha shehena hiyo. Nywila, ambayo wengine huiita nenosiri, ni ufunguo wa mlango wako, na ufunguo hapewi mpita njia.

Sasa na tuitazame hasara ya kutoyajua. Mtu asiyejua nywila ni nini humtajia namba yake ya siri yeyote amwombaye msaada, iwe ni kibandani kwa wakala au kwa jamaa aliyemfungulia simu. Mtu asiyejua kiungo ni nini hubonyeza kila kiungo alichotumiwa, hata cha mwizi. Hakuna asiyeusikia ule ujumbe wa matapeli usemao kwamba ile pesa itumwe kwenye namba nyingine, na hakuna mji usio na mtu aliyeituma. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi imo katika neno dogo: kubali. Programu nyingi za mikopo humwomba mtu ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi katika simu yake. Maelezo ni marefu, mara nyingi ni ya Kiingereza, na mwenye shida hubonyeza upesi apate fedha. Akichelewa kulipa, ndugu, wakwe na majirani hutumiwa ujumbe wa kumfedhehesha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, mwananchi anayejua maana ya ruhusa hujilinda kabla Benki Kuu haijafika.

Sheria zipo. Ipo ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iko namba 15040 ya kupeleka taarifa za namba za matapeli, na ukibonyeza *106# waweza kujua ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Lakini sheria humsaidia mtu ajuaye kwamba amekosewa. Mwenye kuambiwa kwamba “taarifa binafsi” zake zimechukuliwa, naye hajui kuwa jina, picha na alama ya kidole chake ni taarifa binafsi, atashitaki nini?

Taifa hili lina fundisho lake lenyewe katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kompyuta kuingizwa nchini. Haikuwa bila sababu: mashine zenyewe zilikuwa ghali, faida yake haikuonekana, na wataalamu wa kuziendesha walikuwa wageni. Yaani tulikuwa na chombo ambacho waliokijua si sisi. Hali ya mkulima wa leo anayempa mtu baki simu yake amfanyie kila jambo ni ile ile ya Wizara wakati huo, tofauti ni ukubwa tu. Dawa ya Taifa ilipatikana pale vijana wetu walipojifunza, na dawa ya mkulima haitakuwa nyingine.

Wako wasemao kwamba ni kazi bure kuyatafsiri maneno haya, na kwamba heri watu wajifunze Kiingereza chake moja kwa moja. Hatukubaliani nao. Hakuna amkatazaye mtu kujifunza Kiingereza, wala hatuogopi neno la kuazima. Meza tuliipata kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, na leo ni maneno yetu. Kompyuta, programu na data yamefuata njia hiyo hiyo. Tunachodai ni kwamba mtu aelezwe maana kwa lugha aifahamuyo kabla hajadaiwa kukubali.

Wataalamu wetu hawakulala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutengeneza programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifu istilahi miaka mingi. Upungufu uko mahali pawili. Kwanza, kitu kimoja hupewa majina matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na anayeanza hubaki njia panda. Pili, maneno hubaki kamusini bila kufuatana na kitu chenyewe. Tazameni neno kishikwambi. Lingaliweza kufia vitabuni, lakini sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, kisha vikagawiwa kwa walimu, na sasa neno hilo lajulikana mpaka vijijini. Neno huenea likiambatana na kazi.

Kwa hiyo twatoa mashauri. Baraza la Kiswahili lichague maneno yasiyozidi 40, kila kitu jina moja, na pale watu wanapokwisha kulizoea neno, hilo ndilo lishike. Orodha hiyo, pamoja na maana zake kwa maneno machache, ipigwe chapa kwa herufi kubwa na kubandikwa katika ofisi za vijiji, zahanati na vyama vya ushirika. Kila ofisi na kila kampuni inayomtaka mwananchi akubali jambo kwa simu imwandikie kwa Kiswahili chepesi na kwa maneno hayo hayo. Walimu waliopewa vishikwambi wafungue madarasa ya jioni kwa watu wazima, nao walipwe kwa kazi hiyo. Na mtumishi yeyote amwandikishaye mwananchi amwache aiandike nywila yake kwa mkono wake.

Twajua kwamba neno bila mtandao halimfai mtu, na kwamba kazi ya minara na umeme bado ni kubwa. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, hata Dar es Salaam ilionja ukosefu huo. Lakini minara yaja mwaka hadi mwaka, na kila mnara mpya huleta pamoja na manufaa matapeli wake. Elimu isingoje nyuma.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wakaketi chini ya miembe na madaftari yao, wakifundishwa na waliowatangulia kujua. Hawakungoja majumba. Miembe ya Rufiji ingalipo, walimu wapo, na safari hii mashine zimo mifukoni mwa wanafunzi wenyewe. Viongozi wa Kibiti hawana la kungoja: madarasa na yafunguliwe.