Dansa, msamba wako si yoga ya juu

Kama wewe ni dansa na unaweza kupiga msamba ukiwa umevaa jinzi, najua utakachofanya siku ya kwanza ya yoga. Utaruka darasa la wanaoanza na kwenda kukaa na wazoefu. Mwalimu atakuona ukijikunja vizuri, ataridhika, na taabu yako itaanzia hapo.

Naongea na wewe unayefanyia mazoezi Kisaju, kwenye bedsita au juu ya simiti ya nyumba ambayo bado haijaezekwa, upepo wa huku ukikurushia vumbi machoni. Studio huna. Una simu, bando, na video za watu wanaoweka miguu nyuma ya shingo kando ya bahari. Unataka kufika pale, na kusema kweli unaweza kufika wiki hii hii. Ndiyo maana nina wasiwasi.

Mtu wa kawaida akipinda mgongo, misuli yake migumu humzuia kabla hajaumia. Wewe breki hiyo uliiondoa zamani kwa densi. Unateleza hadi mwisho wa mkao bila misuli kufanya kazi, halafu uzito wote unaning'inia kwenye viungo na kano. Chukua msamba wenyewe. Msuli wa nyuma ya paja umeshikiliwa na kano kwenye mfupa wa kalio. Ukiuvuta kila asubuhi bila kuutia nguvu, siku moja utaketi kwenye matatu ukitoka Kitengela kwenda tao na usikie maumivu chini ya kalio, upande mmoja, kama umekalia jiwe. Jeraha la hapo linaweza kuchukua miezi kupona. Na wewe hulipwi mshahara, buda. Unalipwa ukipanda jukwaani.

Kuna kipimo cha bure. Simama, inua mguu kwa mkono, mbele au pembeni, hadi pale unapofika. Sasa achilia mkono. Mguu umeshuka kiasi gani? Hilo pengo ndilo sehemu ya mwili wako isiyo na mwenyewe. Una uwezo wa kufika huko lakini huna nguvu ya kujishikilia. Kwa dansa, ngazi ya kati ya yoga ni kazi ya kupunguza pengo hilo: kuinua mguu bila mkono, kukaa kwenye Chaturanga bila mabega kuzama chini ya viwiko, kushuka kwenye msamba polepole huku ukikaza mapaja kana kwamba unataka kuirarua sakafu. Inachosha na haipendezi kwenye kamera.

Angalia morani wa hapa Kajiado akiruka adumu. Mwili wima, visigino havigusi chini kati ya ruko na ruko, na uso umetulia. Huenda hawezi msamba hata wa uongo, lakini kila inchi ya mwili wake ina mwenyewe. Mimi nikiulizwa nani yuko tayari zaidi kwa yoga ya juu, nitamchagua yeye.

Tena hii si falsafa yangu ya Kisaju. Katika Ashtanga, mtindo ambao K. Pattabhi Jois aliufundisha kule Mysore, India, mikao ina mfuatano wake na kwa desturi mwalimu hukupa mmoja mmoja. Msururu wa pili una mikunjo mikali ya mgongo kama Kapotasana, halafu miguu nyuma ya kichwa. Umbo la mikao hiyo dansa analipata haraka. Kinachomshinda ni kubaki ndani yake kwa pumzi tano za pua, ndefu, bila kukunja uso. Sisi tumezoea kubana pumzi na kutabasamu. Pumzi ikikatika, rudi nyuma hatua moja. Na kama mgongo wako unavunjikia sehemu moja tu pale kiunoni huku kifua kimelala, bado, hata kama picha imetoka poa.

Najua picha inaleta kazi. Ipige basi, mara moja, mwili ukiwa na moto. Usiifanye kuwa mazoezi ya kila siku.

Mwalimu naye unamhitaji, hata kama ni mara moja kwa mwezi, kwa sababu simu haioni nyonga iliyopinda. Watu wa jukwaani si wageni kwenye yoga ya Nairobi: Africa Yoga Project, iliyoanza 2007, ilizaliwa baada ya Mmarekani Paige Elenson kukutana na wanasarakasi vijana Wakenya, na imefundisha vijana wengi wa mitaa kuwa walimu. Ukifika darasani sema mapema kwamba wewe ni dansa na viungo vyako vimelegea, ili asikusukume zaidi. Na kama hutaki kuguswa, sema. Jois mwenyewe, baada ya kufa 2009, alishutumiwa na wanafunzi wake wa kike kwamba aliwagusa vibaya akidai kuwarekebisha. Sifa kubwa za mwalimu zisikuzibe mdomo.

Vifaa visikusumbue. B.K.S. Iyengar, ambaye kitabu chake kilitoka 1966, alifanya matofali, mikanda na viti kuwa sehemu ya mafunzo. Kisaju hii kila ploti inajengwa. Kipande cha mbao kutoka saiti na leso ya mamako vinatosha. Weka ile mbao chini ya paja kwenye msamba, uzito ukae juu yake, halafu jaribu kujiinua bila kugusa sakafu kwa mikono. Ukiweza, tafuta mbao nyembamba zaidi.

Siku ya shoo, acha kabisa kukaa kwenye msamba dakika mbili tatu kabla ya kupanda. Msuli uliovutwa muda mrefu hupoteza nguvu kwa muda, na miruko yako itaonyesha. Pasha mwili kwa kucheza. Mikao mirefu ibaki ya usiku, ukisharudi nyumbani.