Maua ya altare na maua ya nyuki

Mama mmoja wa kikundi cha kupamba kanisa, katika parokia moja ya mlimani juu ya Bukavu, ametuandikia barua ya masikitiko. Asema kwamba kiwanja chake kimejaa maua mwaka mzima, hata wapita njia husimama kuyatazama, na kila Jumamosi yeye hupeleka kapu zima kwa ajili ya misa ya kesho yake. Lakini maboga aliyoyapanda nyuma ya nyumba kwa chakula cha watoto hayakui. Kiboga chatokea, chafika ukubwa wa yai la kuku, kisha chageuka manjano, chalainika na kuanguka. Amekwisha kununua dawa mara mbili sokoni, na fedha imepotea bure. Auliza: je, iko dawa nyingine?

Mama mpendwa, kwanza pasua kimoja cha viboga hivyo vilivyoanguka. Ukikuta funza ndani, mwenye kosa ni nzi wa matunda, na shauri lake ni jingine. Usipokuta kitu, basi weka fedha yako mfukoni. Maboga yako si wagonjwa, yamekosa nyuki.

Wanafunzi wetu wamejifunza jambo hili shuleni, na wamsomee mama yao. Mboga huu una maua ya namna mbili juu ya shina moja. Lile lenye kikonyo kirefu chembamba ni dume, nalo lina unga wa manjano, ambao vitabu vya shule huuita chavua. Lile lenye kiboga kidogo chini yake ni jike. Unga wa dume ni mzito na wanata, haupeperushwi na upepo kama ule wa mahindi. Lazima mdudu auchukue mwilini mwake, na tena aje mara nyingi, kwa maana safari moja haileti unga wa kutosha. Na muda wenyewe ni mfupi: ua la mboga hufunguka alfajiri, na kabla ya saa sita mchana limekwisha kujifunga, halifunguki tena. Jike asiyetembelewa asubuhi ile, kiboga chake chafa.

Hapo mama ataniuliza: nyuki watakosekanaje katika kiwanja chenye maua mengi namna hii? Nimeisoma tena orodha yake. Ana dalia kubwa za majani tele, ana waridi nene, hortensia za buluu, na bogenvilia penye lango. Nami sina haki ya kumcheka, kwani bustani yangu ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo, nami niliisifu kwa sababu vitu vyote vilitoka mbali. Lakini dalia nene na waridi nene ni maua ambayo wakulima wa bustani wameyageuza: mahali palipokuwa na vijiti vya unga pameota petali juu ya petali. Hortensia ya mviringo, karibu maua yake yote ni tasa. Na kile tukiitacho ua la bogenvilia ni majani yaliyotiwa rangi tu; ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati, chembamba, ambacho nyuki hashughuliki nacho sana. Nyuki apita juu ya kiwanja kama mgeni apitaye mbele ya nyumba iliyopakwa rangi vizuri, na jikoni hamna moto.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya nyuki wa mzinga peke yake. Wataalamu wamekwisha kuandika zaidi ya aina 20,000 za nyuki duniani, na wengi wao hukaa peke yao, pasipo malkia wala asali ya kuvuna. Yule nyuki mkubwa mweusi atobozaye mbao za paa, ambaye watoto humwogopa, ndiye mhudumu hodari wa marakuja. Na mawese yetu je? Mchikichi wahudumiwa na mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, azaliwaye Afrika pamoja na mti wenyewe. Wenye mashamba ya Malesia walichukua mchikichi, mdudu wakamwacha huku. Kwa miaka mingi wakawalipa watu kupita na kutia unga katika maua kwa mkono. Mwaka 1981 ndipo mdudu huyo alipoletwa kwao kutoka Kamerun, na kazi ile ya mkono ikakoma. Sisi tunaye bure, na hatumjui hata jina.

Sasa tuseme juu ya kupanda. Simwambii mama ang'oe dalia zake. Namwomba atoe upande mmoja wa kiwanja, hata hatua nne kwa sita, kwa maua ya nchi yetu.

La kwanza, kwa altare yenyewe, ni gladiola ya porini. Huenda umeiona wakati wa mvua katika majani ya mlimani, imesimama wima, yenye maua mekundu ya machungwa na koo la manjano, na ndege chozi akiyanyonya. Wataalamu waiita Gladiolus dalenii. Kuna jambo la kuchekesha hapa. Katika miaka ya 1840, huko Ubelgiji, mji wa Gent, walianza kuuza gladiola mpya ya bustani, na mmoja wa wazazi wake alikuwa ua hili hili la Afrika, lililopelekwa kutoka kusini. Gladiola nyingi ziuzwazo leo kwa bei kali katika maduka ya maua ni wajukuu wake. Basi twanunua mjukuu kwa fedha, na bibi yake tunamkanyaga tukienda kuchota maji. Usichimbe vitunguu vyake vyote mlimani, maana utaumaliza mlima. Ngoja maganda yakauke, chukua mbegu, uzisie katika kitalu chenye udongo mwepesi. Yataka subira: miaka miwili au mitatu kabla ya kuchanua. Baadaye vitunguu vitazaana vyenyewe.

Kwa wakati wa jua kali, kutoka Juni hata Agosti, nyuki wanapoona njaa kuliko wakati wote, panda muravumba. Kila nyumba ya kwetu inaujua kwa dawa ya kifua. Wachache wameutazama kwa maua yake. Hupukutisha majani, kisha hujivika mashada mepesi ya zambarau hafifu, yafaayo sana kuchanganywa na maua makubwa katika chombo. Kwenye mpaka wa kiwanja simamisha vigogo vya mti ule wa miiba uitwao umuko Rwanda na umurinzi Burundi. Kigogo kilichokatwa huota mizizi chenyewe, na wakati wa jua, mti ukiwa hauna hata jani, huwaka maua mekundu. Ongeza mubirizi, ambao majani yake machungu tunayajua, lakini vichwa vyake vidogo vyeupe ni karamu ya nyuki. Karibu na jiko sia kivumbasi, nawe usiukate wote kwa ajili ya harufu, uache uchanue.

Iko na mimea mingine mingi, nami siwezi kuiandika yote. Nataja igicumucumu kwa sababu moja: shina lake refu lenye vifundo vya mviringo na maua ya machungwa hupendwa na chozi, na likikauka hukaa katika chombo majuma mengi bila maji. Kwa kanisa la kijiji wakati wa kiangazi hilo ni jambo kubwa. Lile ua zuri la kupanda, lenye petali kama ndimi za moto, liitwalo mkalamu, ni la nchi yetu pia, lakini kiazi chake kina sumu ya kuua. Penye watoto wadogo silishauri kabisa. Na lantana, yenye vichwa vya rangi mbili, hata kama vipepeo waipenda, ilitoka Amerika na sasa yasonga malisho na vichaka vyetu. Usiipeleke mahali ambapo haijafika.

Sasa neno la kukata, maana hapa ndipo nyuki na altare wanapogombana. Wapambaji wengi huenda bustanini Jumamosi na kisu, wakarudi wameacha mashina matupu. Kata shina moja katika matatu, yaliyobaki yawe ya wadudu. Kata asubuhi mapema, kwa kisu kikali kilichooshwa, na utie mashina katika ndoo ya maji hapo hapo bustanini. Gladiola haingojwi ifunguke yote: kata siku ya Alhamisi, ua la chini kabisa linapoanza kuonyesha rangi, nalo litafunguka kutoka chini kwenda juu hata Jumapili na kupita. Uache majani manne au zaidi juu ya udongo, la sivyo kitunguu hakitapata nguvu ya mwaka ujao. Maji ya chombo yabadilishwe kila siku ya pili. Na yule anayedhani kwamba kumwachia nyuki maua ni kuinyima altare, akumbuke kwamba wimbo wa mshumaa wa Pasaka, katika Kilatini, unawataja nyuki kwa kazi yao ya nta.

Kuna jambo ambalo mama wengi hawatalipenda. Tumefundishwa kufagia uwanja mpaka ung'ae, nami nasifu usafi. Lakini nyuki wengi wale wakaao peke yao huchimba nyumba zao katika udongo mtupu. Nyuma ya mpaka, palipo na jua na pasipopita watu, acha kipande kidogo bila kufagia wala kulima, na mabua machache makavu yabaki yamesimama.

Na ile dawa ya sokoni? Barua haikutaja jina lake, lakini yasema ilinyunyizwa asubuhi, baada ya sala. Ndiyo saa ile ile ambapo ua la mboga limefunguka na nyuki yumo ndani. Hata pareto, inayolimwa katika vilima vya Kivu na ambayo watu huiamini kwa kuwa yatoka katika ua, huua nyuki aliyeguswa nayo. Ikiwa lazima kunyunyiza, ngoja jua lizame, nyuki wamekwisha kurudi kwao, wala usielekeze maji ya dawa katika maua.

Muravumba na mubirizi vitahitaji miezi, na watoto watataka kula kabla ya hapo. Basi kesho, mama, uamke kabla ya saa kumi na mbili. Vunja ua dume lililofunguka, ondoa petali zake, na kwa ule unga wa katikati mpake taratibu jike, mahali pale palipo na vinundu ndani ya ua. Dume mmoja atosha majike wawili au watatu. Umalize kabla ya saa tatu, na ufunge uzi kwenye kila kikonyo ulichokihudumia, ili upate kuvihesabu. Baada ya majuma mawili utuandikie ni vingapi vimeshika.