MGONJWA WA AKILI SI MHALIFU

Mtu akivunjika mguu njiani, watu humwitia gari la wagonjwa. Mtu akirukwa na akili, watu humwitia polisi. Jambo hili limezoeleka katika nchi nyingi hata halimshangazi mtu tena. Sisi twaona lastahili kushangaza, kwani wote wawili ni wagonjwa, na ugonjwa wa akili si kosa la jinai.

Mji wa Stockholm, nchini Sweden, umeonyesha njia nyingine. Mwaka 2015 lilianzishwa huko gari la wagonjwa kwa ajili ya watu waliopatwa na misiba ya akili. Ndani yake waliwekwa wauguzi wawili waliosomea maradhi hayo, pamoja na mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa. Huitwa kwa simu ile ile ya hatari, namba 112. Badala ya kitanda cha kumlaza mgonjwa, lilitengenezewa viti vya kukaa na kuzungumza, maana dawa ya kwanza ya mtu aliyekata tamaa ni mtu wa kumsikiliza. Katika mwaka wake wa kwanza liliwaendea wagonjwa zaidi ya mara 1,000, na baadhi ya hao walikuwa katika hatari ya kujiua.

Jambo hilo si dogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021. Saa moja ya kusikilizwa na mtu ajuaye kazi yake yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya uhai na kaburi.

Wako wasemao kwamba mwenye wazimu ni mtu wa hatari, kwa hiyo na aendewe na mwenye silaha. Hatukatai kwamba penye kisu au bunduki polisi lazima waitwe. Lakini mara nyingi mgonjwa ni hatari kwa nafsi yake kuliko kwa jirani yake. Naye aliyejaa hofu, akiona sare na pingu, hofu yake huzidi. Askari naye hatendewi haki. Amefundishwa kukamata wahalifu, kisha anatumwa kazi ya muuguzi; mambo yakiharibika, lawama ni yake.

Wako pia waogopao gharama. Na watazame mji wa Eugene, katika jimbo la Oregon, Marekani. Huko, tangu mwaka 1989, zahanati moja ya mji ilikuwa ikipeleka kwa wagonjwa wa namna hii watu wawili wasio na silaha: mmoja mwenye ujuzi wa tiba, na mwenziwe mwenye ujuzi wa kutuliza watu waliotaharuki. Miji mingi ilikwenda kujifunza kwao, na gharama ya kazi yao ilikuwa sehemu ndogo tu ya fedha zilizotumiwa kwa polisi. Hata hivyo, mwezi wa Aprili, 2025, baada ya zahanati ile kupungukiwa na fedha na mkataba wake na mji kukoma, magari yale yaliacha kuzunguka mitaani mwa Eugene. Kazi ya miaka zaidi ya 35 ikasimama.

Funzo ni wazi. Kazi ya namna hii haiishi kwa sifa. Sharti iwe na fungu lake katika fedha za umma, kama lilivyo fungu la wazima moto, wala isitegemee huruma na misaada. Wauguzi wake sharti walipwe sawasawa na uzito wa kazi ya usiku wanayoifanya. Tena gari ni mlango tu: kama nyuma yake hakuna hospitali yenye nafasi, wala mganga wa kumfuatilia mgonjwa kesho yake, mgonjwa atarudi pale pale alipotolewa.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mfanyakazi aliye mzima leo kiwandani au shambani hajui kesho yake. Kwa hiyo twasema kwamba kumpelekea mgonjwa wa akili muuguzi badala ya pingu si hisani. Ni haki yake, na taifa lijiitalo la haki halina budi kuilipia.